Siku nane kwa miguu, nyuma ya Askofu Aidan

26 Agosti. Heavenfield hadi Kirkwhelpington

Treni ya alfajiri kutoka Newcastle ilitushusha Hexham, na teksi ikatufikisha Heavenfield kabla ya saa tatu. Dereva alituuliza mara mbili kama kweli ndipo tunaposhuka, maana hapana duka wala kituo cha basi. Pana barabara, ukuta wa mawe, na msalaba wa mti uliosimama peke yake ukingoni mwa shamba. Shemeji alishusha mashanta yetu, akatazama huku na huku, akasema, "Shemeji, umenileta porini." Nikamwambia ndiyo, hapa ndipo pa kuanzia.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Masasi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kaskazini mwa Uingereza. Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Amekuja kusoma, na mume wangu alipobaki na watoto yeye ndiye aliyejitolea kunisindikiza. Kwa miaka mingi nimetaka kuitembea Njia ya Mtakatifu Oswald yote, maili 97, yaani kama kilomita 156. Wengi huanzia kisiwani Lindisfarne wakashuka kusini. Sisi tumeigeuza, kwa sababu habari za Askofu Aidan, aliyehubiri Injili katika nchi hii karne ya saba, zinaanzia huku bara, katika shamba hili, kabla yeye mwenyewe hajafika.

Karibu yote tunayoyajua kuhusu Aidan tumeyapata kwa Bede, mmonaki wa Jarrow aliyezaliwa miaka kama ishirini baada ya askofu huyo kufa, na aliyemaliza kuandika historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731. Bede anasimulia kwamba hapa, mwaka 634 hivi, Oswald alisimamisha msalaba kabla ya kupigana na Cadwallon, mfalme kutoka Welisi. Shimo lilichimbwa haraka, na Oswald akaushika msalaba kwa mikono yake miwili mpaka askari wakamaliza kushindilia udongo. Akashinda, akawa mfalme wa Northumbria, nchi hii ya kaskazini. Baadaye watu walikuwa wakibanja vibanzi vya mti ule, wakavitia kwenye maji, wakawanywesha wagonjwa na hata ng'ombe. Nimefanya kazi wodini kwa muda mrefu, na nyumbani nimeona wagonjwa wakiletwa na maji ya kuombewa ndani ya chupa ya soda. Sijawahi kumcheka hata mmoja. Niliugusa msalaba huu wa sasa, tukasali, tukaanza.

Oswald alikuwa amekulia uhamishoni, miongoni mwa Waairishi wa magharibi ya Uskoti, na huko ndiko alikobatizwa. Alipopata ufalme akatuma ujumbe Iona, kisiwa chenye monasteri ya Waairishi, akiomba askofu. Wakamletea mmoja mwenye roho ngumu. Alihubiri kidogo, watu hawakumsikiliza, akarudi kwao akasema Waingereza ni watu wakaidi wasiofundishika. Wazee wa Iona wakakaa kikao. Katikati ya kikao hicho akanena mmonaki mmoja, Aidan. Alimwambia kwa upole yule aliyerudi kwamba amewakalia watu wale kwa ukali kupita kiasi; angewapa kwanza maziwa, kama anenavyo Mtume, mpaka wapate nguvu ya kula kigumu. Wote wakageuka kumtazama. Wakampa uaskofu yeye, na mwaka 635 akafika.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi, na kila mara kinanigusa palepale. Mahali pangu pa kwanza pa kazi katika nchi hii, mkuu wa zamu alinifokea mbele ya wagonjwa kwa kuwa sikuelewa lafudhi ya mzee mmoja. Alisema watu kama mimi hawafundishiki. Aliyenifundisha alikuwa mfanyakazi wa usafi, mama wa makamo, ambaye kila jioni alinirudia maneno ya wagonjwa polepole mpaka sikio langu likazoea.

Tulifuata kwa kitambo njia ya ukuta wa Warumi, kisha tukakata kaskazini kupitia mashamba ya kondoo. Ngazi za mbao za kuvukia kuta ni nyingi mno. Shemeji alihesabu mpaka thelathini akaacha. Mvua ilitukuta saa kumi, na tulifika Kirkwhelpington tumelowa mpaka soksi.

27 Agosti. Kirkwhelpington hadi Rothbury

Kumekucha kukavu. Leo ni nyika na msitu wa misonobari uliopandwa kwa mistari, saa nzima bila kuonana na mtu. Bede anaandika kwamba kila aliyeongozana na Aidan njiani, awe mtawa au mtu wa kawaida, alitakiwa asome Maandiko au akariri zaburi. Kwa hiyo tulipokezana zaburi kwa Kiswahili, mimi mstari na Shemeji mstari, kama tulivyozoea kwenye sala za jioni nyumbani. Yeye anazijua kuliko mimi. Sikujua hilo, na tumekuwa ndugu kwa miaka tisa.

Baada ya chakula cha mchana aliniuliza, "Lakini shemeji, huyu Aidan alihubiri kwa lugha gani?"

Ndilo swali. Aidan alikuja akiwa na Kiairishi chake, na Kiingereza cha wakati ule hakukijua vizuri. Oswald alikuwa amejifunza Kiairishi barabara katika miaka ya uhamishoni. Basi askofu alisimama kuhubiri, na mfalme mwenyewe akasimama kuwafasiria wakuu na watumishi wake. Bede, ambaye si mtu wa kumwaga sifa ovyo, anasema ulikuwa mtazamo mzuri sana.

Mimi naiona picha ile waziwazi, kwa sababu nimeiona. Babu mzaa baba alikuwa mwalimu wa misheni. Padre Mzungu alihubiri kwa Kiswahili, na babu alisimama kushoto kwake akikigeuza kuwa Kimakua, maana bibi zetu wengi vijijini hawakukijua Kiswahili. Likija neno zito, babu alifumba macho kwanza, akalitafuta. Padre alingoja. Ilikuwa inaweza kupita hata nusu dakika, kanisa zima kimya, kuku wakisikika nje, na padre yule amesimama mikono imefumbatwa akimsubiri babu yangu apate neno. Nilikuwa mdogo sana, na wakati ule nilidhani babu ndiye anayehubiri na yule mwingine ni msaidizi wake.

Kwa Aidan mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila mkalimani alikuwa na taji. Mgeni alikubali kutegemea kinywa cha mwenyeji, na mwenyeji aliye mfalme akakubali kuwa kinywa cha mgeni. Namwambia Shemeji kwamba hapa, kabla hata hujafika kwenye miujiza, ndipo ninapoanza kumpenda.

Rothbury tulifika saa kumi na moja. Katika kanisa la Watakatifu Wote, kisima cha ubatizo kimekalia kipande cha nguzo ya msalaba wa mawe wa zamani, wa mwaka 800 hivi. Kimechongwa Kupaa kwa Bwana. Chini wamesongamana watu wadogo wadogo, vichwa vimeinuliwa, shingo zimekazwa. Nilipiga magoti ili niwaone vizuri. Macho yao ni mashimo tu ya patasi, lakini unajua kabisa wanatazama wapi.

28 Agosti. Rothbury hadi Warkworth

Siku ndefu kuliko zote, kama kilomita 29, tukishuka na mto Coquet. Na leo miguu yangu imenisaliti. Malengelenge mawili kwenye kisigino cha kulia yalipasuka kabla ya saa sita. Nikayasafisha, nikayafunga, kazi ninayoifanya kila siku kwa wengine, lakini kufika kijiji cha Felton nilikuwa nachechemea.

Mbele kidogo ya Felton mzee mmoja alisimamisha gari lake la shamba, mbwa wawili nyuma, akauliza tunakwenda wapi. Akasema atatufikisha karibu na Warkworth. Shemeji alinitazama, hakusema neno. Alijua nimeapa kutembea njia yote, kwa sababu Aidan alitembea.

Lakini ukimsoma Bede kwa makini, hakusema kwamba Aidan hakupanda farasi kamwe. Alisema alikwenda kwa miguu, mjini na mashambani, isipokuwa pale haja kubwa ilipomlazimu. Oswine, mfalme wa upande wa kusini wa Northumbria, ndiye aliyempa farasi bora kabisa, amepambwa kifalme, ili apate kuvukia mito. Haukupita muda Aidan akakutana na maskini anaomba. Akashuka, akampa farasi pamoja na mapambo yake yote.

Mfalme aliposikia akaudhika. Walikuwa wanakwenda mezani, akamwuliza askofu kwa nini atoe farasi wa namna ile, wakati wako farasi wa bei ndogo ambao wangemfaa yule mwombaji. Aidan akamjibu kwa swali: je, huyo mwana wa farasi ana thamani kwako kuliko yule mwana wa Mungu? Wakaingia ukumbini. Askofu akaketi mahali pake. Mfalme, aliyekuwa ametoka kuwinda, alisimama kando ya moto akiota, akifikiri. Ghafla akafungua upanga wake, akampa mtumishi, akaenda kupiga magoti miguuni pa Aidan, akaomba msamaha.

Aidan akamwinua, akamwambia ale na afurahi. Mfalme akachangamka. Ila askofu mwenyewe akaanza kulia. Padre wake akamwuliza kwa Kiairishi, lugha ambayo watu wa nyumba ya mfalme hawakuielewa, analilia nini. Akajibu kwamba mfalme huyu hataishi muda mrefu, kwa maana hajapata kuona mfalme mnyenyekevu namna hii, na taifa hili halimstahili. Oswine aliuawa tarehe 20 Agosti 651 kwa amri ya mfalme mwenzake, Oswiu. Aidan alifuata siku kumi na mbili baadaye, ukihesabu na siku ya kuuawa.

Kila nikifika kwenye machozi yale nasimama. Mezani pote watu wanacheka na kunywa, na wageni wawili wanaongea lugha yao juu ya kifo, hakuna anayejua. Sisi tunaoishi ugenini tunalifahamu jambo hilo. Mara ngapi mimi na mwenzangu wa kazi tumepeana habari ya msiba kwa Kiswahili katika chumba cha chai, huku wengine wakila keki.

Nilipanda gari la yule mzee. Mbwa mmoja aliniwekea kichwa begani njia nzima.

Warkworth tuliona kanisa la Mtakatifu Lawrence upesi upesi kabla giza halijaingia. Kijiji hiki kilitolewa kwa monasteri ya Lindisfarne mwaka 737 na Mfalme Ceolwulf, yule yule ambaye Bede alimwandikia historia yake, alipoacha ufalme akaenda kuwa mmonaki. Inasimuliwa kwamba hadi alipoingia yeye, wamonaki wa kisiwani walikunywa maziwa na maji tu, kwa desturi waliyoachiwa na Aidan. Ujio wa mfalme ndio uliowaletea ruhusa ya bia na divai.

29 Agosti. Warkworth hadi Craster

Miguu imepata nafuu. Bahari imeonekana kwa mara ya kwanza, na Shemeji, aliyekulia Masasi mbali na maji, alitembea nusu ya siku bila kusema. Mawimbi ya rangi ya chuma, upepo wa uso kwa uso. Craster ukiingia unapokelewa na harufu ya samaki wanaokaushwa kwa moshi wa mwaloni. Mama yangu ni mtu wa Mikindani, na harufu ile ilinirudisha jikoni kwake moja kwa moja. Tulikula samaki wawili kila mmoja kwa mkate na chai ya rangi, tukalala mapema.

30 Agosti. Craster hadi Bamburgh

Asubuhi tulipita magofu ya ngome ya Dunstanburgh, ambayo ni ya karne ya 14 na haimhusu Aidan. Mchana tulitembea mchangani pekupeku, tukapita Beadnell na Seahouses. Halafu ukivuka kilima cha mchanga unaiona Bamburgh: mwamba mweusi na ngome juu yake, inajaza mbingu. Kuta za sasa ni za zama za baadaye, lakini juu ya mwamba huu ndipo walipokaa wafalme wa Northumbria.

Bede ana habari ya Pasaka moja. Hakutaja ilikuwa ukumbi gani, mimi huiona humu. Oswald na Aidan wameketi, mbele yao sinia la fedha limejaa chakula cha kifalme, wanataka kubariki. Anaingia mtumishi aliyepewa kazi ya kuangalia maskini, anasema njia yote nje imejaa wahitaji wanaomba kitu kwa mfalme. Oswald anaamuru chakula kile kitolewe kwao, na sinia lenyewe livunjwe vipande wagawiwe. Aidan akaushika mkono wa kuume wa mfalme, akasema mkono huu usizeeke kamwe. Oswald aliuawa vitani tarehe 5 Agosti 642 na watu wa Penda, mfalme wa Mercia, mkono ukakatwa. Na Bede anasema hadi siku zake ulikuwa umehifadhiwa Bamburgh katika sanduku la fedha, haujaoza.

Kutoka ufukweni unaviona visiwa vya Farne. Aidan alikuwa akienda huko kukaa peke yake akisali. Penda alipoizingira Bamburgh, alibomoa vijiji vya karibu, akarundika boriti na makuti ya nyumba zile ukutani, akawasha. Aidan aliona moshi kutoka kisiwani, maili kama mbili baharini, akainua mikono akimwambia Bwana aone uovu anaoutenda Penda. Upepo ukageuka, moto ukawarudia walioukoka. Tuliketi mchangani tukitazama upande ule mpaka baridi ikatuinua.

31 Agosti. Bamburgh, sikukuu yake

Leo hatukutembea. Ni siku aliyokufa, mwaka 651.

Aidan hakuwa na mali. Bede anasema alikuwa na kanisa na chumba kidogo tu karibu na hapa, ambako alizoea kushukia alipokuja kuhubiri vijiji vya jirani. Alipougua walimtandia hema ukutani mwa kanisa, upande wa magharibi, hema likiegemea ukuta wenyewe. Alikata roho akiwa ameegemea nguzo ya nje iliyotegemeza ukuta ule. Kanisa liliungua mara mbili baadaye na mara zote mbili nguzo ile ilisalimika, kwa hiyo walipojenga mara ya tatu waliiingiza ndani.

Katika kanisa la sasa, linaloitwa kwa jina lake, ukisimama kwenye kisima cha ubatizo na kuinua macho unaiona boriti yenye matawi mawili, nyeusi, ambayo mapokeo yanasema ndiyo ile. Nilikaa chini yake muda mrefu. Nimewakalia wengi wakati wa kufa. Mtu anayekata roho hutafuta kitu cha kuegemea: ubao wa kitanda, bega, mkono wa muuguzi ambaye hata hajui jina lake. Askofu yule alikuwa na mti, na turubai, na upepo wa bahari.

Kisha tulishuka kwenye chumba cha chini ya kanisa. Humo imewekwa mifupa ya watu 110 iliyofukuliwa kwenye makaburi ya kale karibu na ngome, watu wa zama za Aidan na baada yake, kila mmoja na sanduku lake dogo. Wataalamu walipima meno, wakakuta wengi hawakuzaliwa hapa: wako waliotoka Ayalandi na magharibi ya Uskoti, wengine Skandinavia, wengine kusini mpaka pande za Mediterania. Shemeji alisoma maelezo yale mara mbili. "Kumbe wageni walikuwapo toka zamani," akasema taratibu.

Nina jambo ambalo nimelibeba toka Heavenfield, na nimelingojea siku hii. Matajiri wakimpa Aidan fedha, anasema Bede, aliwagawia maskini, au alizitumia kuwakomboa watu waliouzwa utumwani kwa dhuluma. Na wengi katika hao aliowakomboa akawafanya wanafunzi wake, akawafundisha, akawapandisha hadi daraja la upadre.

Mtu wa Masasi hawezi kusoma sentensi ile akapita. Mji wetu ulianza mwaka 1876, Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana alipofika kwa miguu kutoka pwani na kundi la watu waliokuwa watumwa, wamekombolewa, wametoka Unguja wanatafuta kwao. Walifika chini ya milima yetu ya mawe wakasema tukae hapa. Na padre wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, Cecil Majaliwa, alikuwa mtoto aliyeokolewa utumwani. Alipadrishwa mwaka 1890, akahudumu Chitangali, huko huko kusini kwetu. Nimekua nikisikia majina hayo kila Jumapili, na nilidhani ni mambo yaliyoanza kwetu. Yalikuwa yamefanyika hapa, miaka elfu moja na mia mbili kabla, kwa watu waliouzwa utumwani, na aliyelipa alikuwa mgeni kutoka ng'ambo. Nilimsomea Shemeji kwa sauti mbele ya masanduku yale. Nilishindwa kumaliza, akapokea yeye.

Usiku mwezi umepevuka, bahari nyeupe. Usiku aliokufa Aidan, kijana mmoja aliyekuwa akichunga kondoo milimani aliona nuru ikishuka na malaika wakipaa na roho ya mtu. Asubuhi akasikia kwamba askofu wa Lindisfarne amefariki. Akaacha kondoo, akaenda kubisha hodi monasteri ya Melrose. Kijana yule alikuwa Cuthbert, ambaye baadaye naye alikuwa askofu wa Lindisfarne.

1 Septemba. Bamburgh hadi Fenwick

Njia inaacha bahari na kuzunguka bara, kupitia Belford. Matope, ng'ombe wenye udadisi, reli ya kuvuka kwa tahadhari kubwa. Sina mengi. Nimeyafikiria mafungu kumi na mbili ya nguo: Aidan alipoanza kazi alichukua wavulana kumi na wawili wa Kiingereza awafundishe, na mimi nikawa namwaza aliyewafulia. Mmoja wao, Eata, baadaye alikuwa askofu wa Lindisfarne. Chad naye alikuwa mwanafunzi wake. Na Hilda, aliyekuja kuongoza monasteri ya Whitby, ni Aidan aliyemwita arudi Northumbria alipokuwa tayari amekata shauri kwenda utawani Ufaransa.

Jioni tulipanga habari ya maji. Jedwali linasema yatakuwa chini kabisa kesho saa nne na nusu asubuhi. Nilimpigia mama simu Mikindani. Swali lake la kwanza: "Mwezi uko vipi?" Nikamwambia juzi ulikuwa mpevu. "Basi ni bamvua. Yatapwa mbali, lakini yatarudi kwa kasi. Msizubae."

2 Septemba. Fenwick hadi Lindisfarne

Saa mbili na nusu tulivua viatu tukaingia.

Lindisfarne ni kisiwa mara mbili kwa siku. Maji yakijaa, hakuna njia. Yakipwa, mchanga unafunguka na unavuka kwa miguu. Iko barabara ya lami ya magari, lakini sisi tulifuata miti mirefu iliyosimikwa mchangani, mstari mmoja hadi ng'ambo, kama kilomita tano. Njiani kuna vibanda viwili vya mbao juu ya nguzo, vya kukimbilia aliyezidiwa na maji. Oswald alimpa Aidan achague mahali pa kiti chake cha uaskofu, naye akachagua hapa. Nadhani mtu wa Iona alitaka kuisikia bahari, na alitaka pia awe jirani na mfalme bila kukaa mezani kwake kila siku. Ngome ya Bamburgh inaonekana wazi kutoka mchangani.

Tope ni baridi mpaka kwenye mfupa. Pengine mchanga mgumu wenye mikunjo, pengine tope jeusi linalomeza mguu hadi kwenye muundi na kutoa harufu ya yai viza. Malengelenge yangu yaliwaka kwa chumvi, halafu yakanyamaza. Nilitembea kama nilivyofundishwa na mama tukifuata pweza: hatua fupi, mguu bapa, usisimame mahali pamoja. Shemeji alisimama, akazama hadi magotini, nikamvuta kwa fimbo. Mbali, kwenye fungu la mchanga, sili walikuwa wanalia, sauti ndefu kama ya watu waimbao bila maneno. Tuliimba na sisi. Zaburi zilikuwa zimekwisha, tukaimba nyimbo za Masasi, za Kimakua, zile ambazo babu alikuwa akizianzisha.

Kabla ya saa tano tulikanyaga majani. Kijijini magofu ya monasteri ni ya Wanormani, ya karne ya 12. Ya Aidan ilikuwa ya miti, na haikuacha kitu cha kuonekana. Kati ya magofu na kanisa la Mtakatifu Maria imesimama sanamu yake iliyochongwa mwaka 1958, mtu mrefu mwembamba, mwenge mkononi na fimbo ya uaskofu, amegeuza uso. Shemeji alinipiga picha, miguu yangu bado ina tope.

Nikampigia mama. "Mmevuka?" Tumevuka. "Kuna pweza?" Sijaona. "Na kaburi lake umeliona?"

Nikamweleza kwamba halipo. Walimzika hapa, lakini mwaka 664, baada ya mkutano wa Whitby ulioamua Pasaka ifuate hesabu ya Roma, Colmán, askofu wa Lindisfarne wakati huo, hakukubali kuacha desturi za Iona. Akaondoka na Waairishi wake, na baadhi ya mifupa ya Aidan akaenda nayo kwao. Mingine akaacha izikwe ndani ya kanisa. Hakuna alama.

Mama alinyamaza kidogo. Nilisikia jogoo wa jirani kule kwake.

"Kwa hiyo mwingine yuko kwao, na mwingine amebaki hapo alipofanya kazi," akasema. "Haya. Maji yanarudi saa ngapi?"

Niligeuka. Upande tuliotoka miti ilikuwa bado mikavu, lakini ule wa mwisho, mbali kabisa, ulikuwa unang'aa chini.